Kuomba ruzuku kwenye mifuko ya ufadhili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mashirika madogo ya jamii

Maswali haya ni yale yanayorudi kila wanapokutana watu wa vikundi na mashirika ya wilayani kuandaa maombi. Majibu yanahusu Tanzania Bara. Pale ambapo Zanzibar au Kenya inatofautiana, imetajwa. Si lazima usome kuanzia juu. Kila jibu linajitegemea, na palipo na uhusiano utaelekezwa swali la kwenda.

## Mambo ya msingi

1. Ruzuku ni nini, na inatofautianaje na mkopo?

Ruzuku ni fedha ambayo haurudishi, ila unaitolea hesabu. Mfadhili anakupa kwa kazi mliyokubaliana kwenye maandishi, na ukiitumia kwa kazi nyingine, hata iwe njema kiasi gani, anaweza kuidai.

Wengi wanachanganya hili na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri (4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu). Ile si ruzuku. Ni mkopo usio na riba, unatolewa kwa vikundi vya uzalishaji, na unarejeshwa. Kama kikundi chenu kinafuga kuku ili wanachama wapate kipato, dirisha la halmashauri linawafaa kuliko mfuko wa ufadhili. Mifuko mingi inatafuta kazi inayowafikia watu walio nje ya wanachama wenyewe.

2. Ni akina nani wanaotoa ruzuku kwa mashirika madogo kama letu?

Kwa hapa nchini, jina la kwanza ni Foundation for Civil Society, iliyoanza kazi mwaka 2003 na ambayo kazi yake hasa ni kutoa ruzuku na mafunzo kwa asasi za kiraia. Kwa masuala ya wanawake kuna Women Fund Tanzania Trust. Nje kidogo kuna African Women's Development Fund iliyoko Accra, Global Greengrants Fund kwa mazingira, na mifuko ya Marekani kama Segal Family Foundation na Firelight Foundation ambayo imefanya kazi na mashirika ya kijamii ya ukanda huu. Walioko Kenya wana Kenya Community Development Foundation, iliyoanzishwa mwaka 1997.

Balozi si mifuko, lakini usizipite. Ubalozi wa Kanada una dirisha la miradi midogo ya wenyeji. Miradi yake ni mifupi kwa sababu mwaka wa fedha wa Kanada unaisha tarehe 31 Machi. Ubalozi wa Japani hufadhili miradi ya ngazi ya chini, hasa majengo na vifaa: darasa, zahanati, kisima. Usiuombe mishahara, hautoi.

3. Kikundi chetu hakijasajiliwa. Tunaweza kuomba?

Mara chache sana. Mfadhili anahitaji mtu wa kisheria wa kusaini naye mkataba, na kikundi kisichosajiliwa hakina uwezo huo.

Kwa wengi njia ni Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Na. 24 ya mwaka 2002. Unaweza kusajili ngazi ya wilaya, mkoa, taifa au kimataifa. Anzeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa halmashauri, kisha maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa mtandao wa wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Chagueni ngazi kwa akili. Ukisajili wilaya moja halafu ukaandika mradi wa wilaya tatu, msomaji makini ataliona hilo kabla hajafika ukurasa wa pili. Tangu marekebisho ya mwaka 2019, usajili una ukomo wa miaka 10 na unahuishwa. Angalieni tarehe kwenye cheti chenu.

Zanzibar ina sheria yake na msajili wake. Cheti cha Bara hakikufanyi uwe umesajiliwa kule. Kenya nako Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya mwaka 2013 ilianza kutumika Mei 2024, kwa hiyo maelezo mengi ya zamani yaliyoko mtandaoni yamepitwa na wakati.

Kama mna haraka, tafuteni shirika mlezi: lililosajiliwa, linalopokea fedha kwa niaba yenu na kuwajibika nayo. Andikeni makubaliano. Undugu na urafiki visiwe sababu ya kutoandika.

4. Nyaraka gani ziwe tayari kabla hata ya kutafuta mfadhili?

Cheti cha usajili, katiba, namba ya mlipakodi (TIN), orodha ya wajumbe wa bodi, mihtasari ya vikao vya mwaka uliopita, taarifa ya benki ya miezi ya karibuni, hesabu za mwaka (zilizokaguliwa kama zipo), taarifa ya mwaka mliyopeleka kwa Msajili wa mashirika yasiyo ya kiserikali, na uthibitisho wa kulipa ada. Ziwekeni kwenye folda moja, zimeskaniwa vizuri, siyo picha ya simu yenye kivuli cha mkono.

Halafu linganisheni majina. Hapa ndipo maombi mengi mazuri hukwama: cheti kina jina la Kiswahili, benki ikaandika la Kiingereza, TIN ina jina la mwenyekiti. Kwa mfadhili aliye mbali, hayo ni mashirika matatu. Angalieni pia wanaosaini benki. Kama mmoja alishahamia Mwanza na mwingine hayupo tena kwenye bodi, fedha ikiingia haitoki. Kubadilisha watia saini kunataka muhtasari wa kikao na muda, basi fanyeni sasa, wakati hakuna anayewasubiri.

## Kumtafuta mfadhili anayewafaa

5. Tutajuaje kama mfuko fulani unatufaa?

Msiishie kwenye ukurasa wa "dira yetu". Kila mfuko duniani unasema unajali elimu, afya na wanawake. Angalieni ulimpa nani, kiasi gani, na wapi.

Kwa mifuko binafsi ya Marekani kuna njia ya bure ambayo wachache wanaitumia. Sheria yao ya kodi inataka kila mfuko wa aina hiyo ujaze kila mwaka fomu iitwayo 990-PF, na fomu hiyo ni ya wazi kwa umma. Ndani yake kuna orodha ya ruzuku zote za mwaka huo: aliyepewa, kiasi, na kazi. Inapatikana bila malipo kwenye ukurasa wa ProPublica uitwao Nonprofit Explorer. Andika jina la mfuko, fungua fomu, tafuta neno Tanzania. Ukikuta hakuna hata shirika moja la Afrika Mashariki kwa miaka mitatu mfululizo, umejiokolea wiki mbili za kuandika. Ukikuta ruzuku zao ndogo kabisa ni dola 100,000 na bajeti yenu ya mwaka mzima ni milioni 15 za Kitanzania, hapo nako mlango ni mwembamba.

6. Mfuko umeandika kwamba haupokei maombi ambayo haukuyaalika. Tufanyeje?

Msiutumie ombi. Ila kuna njia ya adabu: angalieni ni mashirika gani ya karibu yanafadhiliwa nao (swali la 5), mtembelee moja, mjifunze, na likiridhika na kazi yenu liombeni liwatambulishe. Mifuko mingi ya familia inapata mashirika mapya kwa njia hiyo hiyo. Barua fupi ya kujitambulisha, aya tatu bila kuomba chochote, inaruhusiwa pale tu waliposema inaruhusiwa.

7. Fomu inauliza kama sisi ni 501(c)(3). Ndiyo nini?

Hicho ni kifungu cha sheria ya kodi ya Marekani kinachotambua mashirika ya hisani ya kwao. Ninyi hamko humo, na si kosa. Mfuko binafsi wa Marekani ukitaka kulipa shirika la nje una njia mbili: kuthibitisha kwamba shirika hilo linalingana na la hisani la kwao, au kutoa ruzuku chini ya usimamizi wa karibu wenye mkataba na taarifa maalumu za matumizi. Njia zote mbili ni kazi kwa mfuko, ndiyo maana baadhi yao hawatoi nje kabisa. Jibuni "hapana" kwa ukweli, kisha andikeni sheria mliyosajiliwa chini yake. Kama fomu haikubali kuendelea bila namba hiyo, mfuko huo si wenu.

8. Tumeandikiwa kwamba tumepata ruzuku, tulipie kwanza ada ya kushughulikia. Tulipe?

Msilipe. Mfuko wa kweli haudai ada ili ukupe ruzuku, hautumi barua kutoka anuani ya bure ya barua pepe, na haukupi ruzuku ambayo hukuiomba.

## Kuandika ombi

9. Dhana ya mradi na andiko la mradi vina tofauti gani?

Dhana ni fupi, kurasa mbili au tatu, ya kumfanya mfadhili aamue kama anataka kusikia zaidi. Andiko ni kamili, lina bajeti, ratiba na viashiria vya kupima matokeo. Ukiombwa dhana, tuma dhana.

10. Tuelezeje tatizo letu ili lieleweke?

Punguzeni eneo mpaka msomaji aone watu. Sentensi kama "mradi unalenga kutokomeza umaskini mkoani Dodoma" haina mwenye nayo. Ingeweza kuandikwa na yeyote, kuhusu mkoa wowote. Linganisha na hii ya mfano: "Shule ya msingi ya kijiji ina wanafunzi 412 na matundu ya choo manne. Wasichana wa darasa la sita na la saba hukosa shule siku za hedhi. Rejista ya mahudhurio inaonyesha." Sasa kuna shule, kuna hesabu, kuna rejista ambayo mtu anaweza kwenda kuifungua.

Takwimu za kitaifa zitajwe mara moja, kwa ufupi, kisha mshuke kijijini. Idadi ya watu inapatikana kwenye Sensa ya mwaka 2022, hadi ngazi ya kata. Mengine yapo kwa mtendaji wa kijiji, mganga mfawidhi na mwalimu mkuu. Nendeni na daftari. Mara nyingi watu wanaagiza takwimu kutoka mtandaoni wakati rejista iko umbali wa nusu saa kwa bodaboda.

Jambo jingine: msiwaandike watu wenu kama wasio na chochote. Semeni pia wameshajaribu nini. Kama wazazi walishafyatua matofali 3,000 na yanalowa mvua, hiyo ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote kwenye ombi lenu, na ajabu ni kwamba mara nyingi haiandikwi.

11. Bajeti iandikweje?

Kila mstari uonyeshe idadi, bei na mara ngapi. "Mafunzo: 5,000,000" ni mstari unaomfanya mhakiki wa mfuko aweke kalamu chini. Andika hivi:

- Chakula: watu 30 × 10,000 × siku 2 = 600,000
- Nauli: watu 30 × 6,000 × siku 2 = 360,000
- Ukumbi: 80,000 × siku 2 = 160,000
- Jumla: 1,120,000

Bei ziwe za kwenu, za msimu huo. Mifuko 50 ya saruji ina bei moja Dar es Salaam na nyingine ikifika Kakonko. Ombeni ankara kifani (karatasi ya bei kabla ya kununua) kwa wauzaji wawili au watatu, mziweke.

Mshahara usiandikwe peke yake. Tuseme mratibu analipwa 800,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mwajiri anaongeza asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, yaani 80,000, na asilimia 0.5 ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani 4,000. Gharama halisi ni 884,000. Kwa mwaka mzima pengo ni zaidi ya milioni moja, na mkilisahau litatoka mfukoni mwenu. Kodi ya mshahara inakatwa ndani ya ile 800,000.

Halafu someni bajeti sambamba na shughuli. Kila shughuli iwe na fedha, na kila fedha iwe na shughuli. Pikipiki iliyojitokeza kwenye bajeti bila kutajwa popote kwenye maelezo itaulizwa.

12. Tunaruhusiwa kuweka pango la ofisi, vocha na mhasibu?

Soma mwongozo wa mfuko husika. Wapo wanaoweka kiwango cha asilimia, wapo wanaokataa, na wapo wanaotoa ruzuku ya jumla isiyofungwa kwenye mradi. Pale mwongozo uliponyamaza, uliza kwa barua pepe. Ushauri wangu: wekeni. Shirika linalodai linaendeshwa bila gharama yoyote ama halisemi kweli, ama mwenyekiti wake analilipia kutoka kwenye duka lake, na yote mawili yanamtia mfadhili wasiwasi.

13. Mfuko unataka mchango wetu na hatuna fedha.

Mchango si lazima uwe fedha. Nguvu kazi, mchanga, mawe, kiwanja, ukumbi wa kijiji, muda wa wajumbe: vyote vinathaminiwa. Vipeni bei ya kawaida ya eneo lenu na muweke kumbukumbu, kwa mfano daftari la siku za kujitolea lenye majina na saini. Kiwanja kiwe na muhtasari wa kikao cha kijiji au hati. Maneno ya mzee aliyekitoa hayatoshi, maana watoto wake wapo.

14. Tuandike kwa Kiswahili au Kiingereza?

Kwa lugha iliyotajwa kwenye wito wa maombi. Wafadhili walioko nchini wanapokubali Kiswahili, tumieni Kiswahili bila kuona aibu. Andiko lililonyooka la Kiswahili linashinda Kiingereza cha kuokoteza. Kwa wa nje, andikeni kwanza Kiswahili mkiwa wote mmekaa, ndipo atafutwe wa kutafsiri. Mkianza na Kiingereza, anayekijua ndiye anayeandika peke yake, na mradi unakuwa wake. Programu za kompyuta za kuandika zinasaidia kusahihisha lugha, lakini zikiachiwa zibuni maudhui zinatoa kijiji kisichokuwepo.

15. Mshauri anasema atatuandikia, achukue asilimia 10 tukipata.

Kataeni. Asilimia hiyo haitakuwa kwenye bajeti, kwa hiyo italipwa kwa kughushi mstari mwingine. Mlipeni kwa kazi, kiasi kinachojulikana, kutoka fedha zenu, na akae nanyi wakati wa kuandika. Mhakiki akija (swali la 17) atawauliza ninyi.

## Baada ya kutuma

16. Tumekataliwa. Ndiyo basi?

Hapana. Andikeni kushukuru na kuuliza, kwa sentensi mbili, kipi kingeboreshwa. Wengine hawatajibu. Anayejibu amewapa ushauri wa bure. Utumieni kwenye duru inayofuata. Kama tatizo lilikuwa kwamba kazi yenu haimo kwenye vipaumbele vyao, msiigeuze kazi yenu ifanane na vipaumbele hivyo. Tafuteni mwingine.

17. Mfuko unakuja kututembelea. Tujiandae vipi?

Mhakiki anakuja kuona kama shirika lipo na kama fedha itakuwa salama. Ataomba leja, mihtasari, hati za malipo, mkataba wa pango. Atachagua malipo mawili matatu na kuyafuatilia: ombi la fedha, idhini, hundi au muamala, risiti. Atazungumza na wajumbe wa bodi mmoja mmoja, na hapo hujulikana kama bodi ni ya kweli au ni mwenyekiti, mkewe na shemeji.

Msiandae ngoma wala kuku. Waambieni walengwa waje kama walivyo na waseme wanachojua.

18. Tumesaini mkataba. Kuna mtu wa kumwarifu?

Ndiyo. Kanuni za mashirika yasiyo ya kiserikali za mwaka 2018 zinataka mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 uwasilishwe kwa Msajili ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na fedha hizo zitangazwe kwa umma. Mpelekeeni pia afisa maendeleo ya jamii nakala, na mjitambulishe kwa mkurugenzi wa halmashauri na watendaji wa kata mtakazofanyia kazi. Mradi unaosikiwa kwa mara ya kwanza na mtendaji siku ya uzinduzi huanza na mguu mbaya.

Kuhusu kodi: usajili wa shirika peke yake hauwapi msamaha. Kutambuliwa kama taasisi ya hisani kunaombwa Mamlaka ya Mapato (TRA), na hata ukitambuliwa bado unakata na kupeleka kodi za mishahara na zuio, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo unayomlipa mtu, kwa mfano asilimia 10 ya pango.

19. Kijijini hakuna risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki. Tufanyeje?

Vitu vikubwa nunueni mjini kwa mwenye mashine. Kwa vidogo, kama mama lishe, bodaboda au kibarua wa kuchimba msingi, tumieni hati ya malipo yenye tarehe, jina, kazi, kiasi, namba ya simu na saini au dole gumba. Bora zaidi lipeni kwa simu, ujumbe wa muamala ubandikwe kwenye hati. Lakini mlikubaliane na mfadhili kabla, kwa maandishi. Posho na nauli ziwe na karatasi ya mahudhurio ya kila siku. Karatasi moja ya siku tatu yenye saini zinazofanana ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka.

## Hali zisizo za kawaida

20. Bei zimepanda, au fedha imebaki. Tunaweza kuhamisha mstari mmoja kwenda mwingine?

Mikataba mingi inaruhusu kuhamisha kiasi kidogo bila kuomba na inataka kibali kwa kinachozidi. Someni kifungu hicho, kisha ombeni kabla ya kutumia. Fedha iliyobaki kwa sababu shilingi imeshuka thamani nayo ni ya mradi, na inaombewa kibali vilevile.

21. Mwenyekiti anataka kuazima fedha ya mradi siku chache tu.

Hapana, hata siku moja. Mweka hazina akibanwa, aseme akaunti inahitaji saini mbili na mwenzake hakubali.

22. Wafadhili wawili wamekubali shughuli ileile.

Waambieni wote wawili mara moja. Kwa kawaida wanagawana: mmoja darasa, mwingine madawati. Risiti moja kupelekwa kwa wafadhili wawili ni udanganyifu, na wafadhili wanazungumza.

23. Mfadhili anataka picha na simulizi za watoto tunaowahudumia.

Ombeni ridhaa ya mzazi au mlezi kwa maandishi, na muelezeni picha itatumika wapi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inawahusu ninyi pia. Mtoto aliyefanyiwa ukatili au anayeishi na VVU hapigwi picha ya uso wala kutajwa kijiji. Mfadhili makini ataelewa. Asiyeelewa aonyeshwe sheria.

24. Mfadhili amesitisha fedha mradi ukiwa katikati.

Limewapata wengi. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, na kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limeacha kusimamia misaada hiyo. Mashirika ya chini yaliyopokea kupitia mashirika makubwa yalijikuta na wahudumu wasiolipwa, na foleni kwenye mifuko binafsi ikarefuka.

Siku ya kwanza simamisheni matumizi mapya na mtoe hesabu ya kilichotumika na kinachodaiwa, mpaka tarehe ile. Ulizeni kwa maandishi kama gharama za kufunga (notisi ya wafanyakazi, pango, ukaguzi) zitalipwa. Waambieni walengwa mapema kitakachokoma. Wasiachwe wakifika kituoni na kukuta kufuli. Mali iliyonunuliwa, kama pikipiki au kompyuta, haiuzwi mpaka mkataba useme ni ya nani. Kisha waandikieni wafadhili wengine mlionao, mueleze kilichotokea, na muombe ruhusa ya kuelekeza sehemu ya fedha zao kwenye huduma isiyoweza kusubiri, kwa utaratibu wa swali la 20.